Ibn Khaldun: Mtoto wa ugenini aliyeyaweka mataifa kwenye mizani

KATIKA orodha ya Waafrika walioacha alama katika elimu ya dunia, jina la Ibn Khaldun huwa halikosekani. Mwanazuoni huyu mzaliwa wa Tunis alifariki dunia mwaka 1406, lakini mpaka leo vyuo vikuu vya mabara yote vinamsoma kama mmoja wa watu wa kwanza kulinganisha jamii za wanadamu kwa utaratibu. Wenzake walisimulia nani alimpiga nani na nani akarithi kiti. Yeye aliuliza kwa nini watu hawa huinuka na wale huanguka, na kama sababu hizo ni zilezile kila mahali.

Wengi wanaomtaja wanamjua kwa kitabu chake tu. Maisha yake hayajulikani sana, na pengine ndiyo yanayotuhusu zaidi sisi wa ukanda huu, ambako si ajabu mtu kuzaliwa nchi moja, kusomea ya pili, kufanya biashara katika ya tatu na kurudi ukubwani katika nchi aliyoijua kwa masimulizi ya wazazi. Ibn Khaldun alikuwa mtu wa namna hiyo, na mengi aliyoyaandika aliyaokota njiani.

Ukoo uliohama kabla mji haujaanguka

Abd al-Rahman Ibn Khaldun alizaliwa Tunis tarehe 27 Mei, 1332. Ukoo wake ulijihesabu kuwa asili yake ni Hadramaut, nchini Yemen, eneo lilelile walikotoka Washihiri na masharifu wengi wa mwambao wa Afrika Mashariki. Mababu zake waliingia Hispania pamoja na majeshi ya Waarabu, wakaishi huko kwa karne kadhaa, na katika mji wa Sevilla wakawa miongoni mwa koo kubwa zenye mashamba, elimu na madaraka.

Katika karne ya 13 wafalme wa Kikristo kutoka kaskazini waliiteka miji ya Waislamu mmoja baada ya mwingine. Ukoo wa Khaldun uliona mvua kabla ya mawingu kutanda, ukafungasha na kuvuka bahari kabla Sevilla haijaanguka mwaka 1248. Walipita Ceuta, hatimaye wakafika Tunis, ambako watawala wa nasaba ya Hafs waliwapokea na kuwapa vyeo.

Lakini vyeo vya ugenini vina gharama yake. Baba wa babu yake, aliyekuwa msimamizi wa fedha za serikali, aliuawa wakati wa mapinduzi. Baba yake Ibn Khaldun alijifunza kutokana na hilo, akaachana na siasa na kushika vitabu. Kijana alilelewa kwa Kurani, sheria, ushairi, na kwa masimulizi ya mji ambao hakuwahi kuuona.

Tauni na mwalimu

Mwaka 1347 sultani wa Fez, Abu al-Hasan, aliiteka Tunis na kuingia na msafara wa wanazuoni. Mmoja wao, al-Abili, alimfundisha kijana huyo hesabu, mantiki na falsafa. Furaha hiyo haikudumu. Kati ya mwaka 1348 na 1349 tauni kuu ilipita Tunis kama ilivyopita Asia na Ulaya. Iliwachukua baba na mama yake pamoja na wengi wa walimu wake, naye alikuwa hajatimiza miaka 18.

Baadaye aliandika kwamba gonjwa lile liliigeuza dunia nzima. Miji ilibaki mahame, njia zikafutika, dola zikadhoofika, ikawa kama ulimwengu umeumbwa upya. Kwa maoni yake, wakati wa namna hiyo unahitaji mtu wa kukaa chini na kuandika hali za watu zilivyo.

Yatima huyo aliingia kazi ya ukarani katika ikulu ya Tunis, kisha akaondoka kufuata elimu na bahati Fez, Moroko. Huko alipanda haraka na kuanguka haraka. Mwaka 1357 alituhumiwa kula njama dhidi ya sultani, akatupwa gerezani kwa karibu miaka miwili. Alitoka tu baada ya sultani huyo kufariki dunia mwishoni mwa mwaka 1358.

Kisa cha mtoto na panya

Fez ndiko alikojifunza somo lililomwongoza maisha yake yote. Wakati huo alikuwa amerejea huko msafiri maarufu Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alipita Mombasa na Kilwa, na baadaye akafika India. Masimulizi yake kuhusu utajiri wa sultani wa Delhi yaliwafanya watu wa ikulu wanong'one kuwa ni mwongo. Ibn Khaldun naye aliingiwa na shaka, akamweleza waziri mmoja wa sultani.

Waziri huyo alimpa kisa. Palikuwa na waziri aliyefungwa gerezani miaka mingi pamoja na mwanawe mdogo. Mtoto alipokua alimuuliza baba yake kuhusu nyama waliyokuwa wakila. Baba akamwambia ni ya kondoo, akamweleza kondoo alivyo. Mtoto akauliza kama kondoo anafanana na panya, kwa kuwa mnyama pekee aliyemwona mle ndani alikuwa panya. Ikawa hivyohivyo kwa nyama ya ng'ombe na ya ngamia.

Ibn Khaldun alikihifadhi kisa hicho katika kitabu chake. Alichokitoa humo ni kwamba mtu asikatae habari za watu wengine kwa sababu tu hajaziona kwao. Wala asimeze kila anachoambiwa. Aangalie tabia ya jambo lenyewe na kama linawezekana. Kwa kipimo hicho alizikataa hesabu za majeshi ya kale yaliyosemekana kuwa na mamia ya maelfu ya askari, akiuliza wangelishwa nini na wangesimama wapi.

Mbele ya kiwanja cha mababu

Mwishoni mwa mwaka 1362 alivuka bahari kwenda Granada, dola ya mwisho ya Waislamu katika Hispania. Sultani Muhammad wa Tano alimpokea kwa heshima, kwani Ibn Khaldun alikuwa amemsaidia alipokuwa mkimbizi huko Fez. Mwaka 1364 alimtuma kuwa balozi kwa Pedro, mfalme wa Castile, ambaye historia inamkumbuka kwa jina la Pedro Mkatili. Ikulu ya mfalme huyo ilikuwa Sevilla.

Hivyo zaidi ya miaka 100 tangu ukoo wake uhame, Ibn Khaldun aliingia katika mji wa mababu zake na kuona alama za makazi yao kwa macho yake. Mfalme Pedro alikwishaarifiwa na daktari wake, Myahudi aliyemfahamu Ibn Khaldun, kuhusu hadhi ya ukoo huo. Akamwomba abaki kumtumikia, na kwa malipo angemrudishia mali ya mababu zake iliyokuwa mikononi mwa wakubwa wa mji.

Msomaji anaweza kupima mwenyewe uzito wa jambo hilo. Wapo watu waliokesha miaka na miaka kwenye mabaraza ya ardhi wakidai nusu ya walichokuwa wakipewa watu wachache kama yeye bila kudai. Ibn Khaldun alikataa kwa adabu. Alipewa nyumbu mwenye matandiko ya dhahabu, akampelekea sultani wake, akaendelea na safari. Kiwanja kilikuwepo, lakini watu waliokifanya kuwa nyumbani hawakuwepo tena.

Kigeugeu au mtu wa wakati wake?

Mwaka 1365 aliitwa Bejaia, katika Algeria ya leo, kuwa mkuu wa serikali. Mchana alifanya kazi za utawala na kufundisha msikitini, na mara kwa mara alipanda milimani kukusanya kodi kwa makabila ya Waberber. Mwaka uliofuata bwana wake aliuawa vitani na binamu yake, naye Ibn Khaldun akakabidhi mji kwa mshindi.

Miaka iliyofuata alihama kutoka sultani mmoja kwenda mwingine, akikodi na kupatanisha makabila ya jangwani kwa niaba yao. Wapo wanaomwita kigeugeu, na ushahidi wa kumtetea si mwingi. Ila ni lazima kukumbuka kuwa katika Afrika Kaskazini ya siku zile mtawala wa asubuhi hakuwa na hakika ya jioni. Rafiki yake mkubwa, mshairi na waziri Ibn al-Khatib wa Granada, aliuawa gerezani Fez mwaka 1374 licha ya jitihada zake za kumwombea.

Mwaka 1375 alichoka. Aliomba hifadhi kwa kabila moja lililomkaribisha katika ngome ya Ibn Salama, karibu na Frenda, magharibi mwa Algeria. Huko, mbali na ikulu na fitina zake, alikaa karibu miaka minne pamoja na familia yake. Mwaka 1377 aliandika kwa miezi mitano tu utangulizi wa historia yake kubwa ya dunia. Utangulizi huo, unaoitwa Muqaddima, ndio uliomfanya asisahauliwe.

Mizani yenyewe

Ibn Khaldun aliwaweka pamoja Waarabu, Waberber, Waajemi, Waturuki, Warumi na Waisraeli, akatafuta kinachofanana. Alikiita asabiya, yaani ule mshikamano unaomfanya mtu amkimbilie mwenzake hatarini bila kuuliza gharama. Aliona kuwa mshikamano huo huwa mkali kwa watu wa nyikani na milimani, kwa kuwa shida huwafundisha kutegemeana. Wenye nao hushuka na kuiteka miji.

Kisha starehe huanza kazi yake. Kizazi cha kwanza kinakumbuka njaa. Cha pili kimewaona walioijua njaa. Cha tatu kimezaliwa ndani ya kuta, kinalipa watu wengine kukipigania. Kwa hesabu yake dola ya kawaida hudumu vizazi vitatu vya miaka 40, yaani miaka 120, halafu huja wengine wenye njaa kutoka nje.

Hesabu hiyo ya miaka 40 aliitumia pia kwa Waisraeli waliotangatanga jangwani baada ya kutoka Misri. Alisema watu waliozoea kudhalilishwa hawawezi kupigania nchi yao siku moja baada ya kufunguliwa. Ilibidi kizazi kile kipite, kizaliwe kingine kisichojua kuinamishwa. Vilevile aliona kuwa aliyeshindwa humwiga aliyemshinda kwa mavazi, silaha na desturi, akidhani siri ya ushindi imo humo.

Kuna wanaodhani mafundisho haya ni kusifu ukabila. Hawakumsoma mpaka mwisho. Aliandika waziwazi kuwa nasaba ni jambo la dhana, na kwamba faida yake ni kule kusaidiana tu. Alitaja watu walioingia katika koo za wengine kwa mkataba, kwa hifadhi au kwa kukimbia kesi, na baada ya muda asili yao ikasahaulika, wakahesabiwa damu moja. Kwa maneno mengine, wanaoishi pamoja na kuteteana huwa ndugu, na wasioteteana si ndugu hata wakiwa na babu mmoja. Katika ukanda wetu, ambako watu wameuana kwa sababu ya kuambiwa asili zao ni tofauti, fundisho hilo la mwaka 1377 bado lina kazi ya kufanya.

Kodi, barabara na soko

Wafanyabiashara nao wana sehemu yao. Ibn Khaldun, aliyekuwa mkusanya kodi mwenyewe, aliona kuwa dola changa hutoza kodi ndogo na kupata nyingi, na dola kongwe hutoza kodi kubwa na kupata kidogo. Matumizi ya anasa na ya jeshi hukua, ushuru huongezwa sokoni na kwenye malango ya miji, watu hukata tamaa na kuacha kuzalisha, mapato hushuka, na mtawala huongeza ushuru tena akidhani ndiyo dawa.

Ubaya mkubwa zaidi, alisema, ni mtawala kufanya biashara mwenyewe. Hununua kwa bei anayotaka na kuuza kwa nguvu, mitaji ya watu hukwama kwenye bidhaa, na wenye maduka hufunga. Pia aliona kuwa anayeficha nafaka ili auze wakati wa njaa hupata pesa isiyo na heri, maana mnunuzi huilipa huku moyo wake haujaiachia.

Kuhusu faida, alieleza kuwa bidhaa iliyotoka mbali kwa njia ya hatari huwa adimu na ghali. Ndiyo maana wafanyabiashara waliovuka Sahara kwenda nchi za Weusi walikuwa matajiri kuliko waliozunguka miji ya karibu. Akaongeza kuwa mfanyabiashara asiye na ujasiri wa kudai wala cheo cha kumkinga atadhulumiwa.

Pale mizani ilipopinda

Hata hivyo, Ibn Khaldun alipofika kwetu sisi Weusi aliisahau kanuni yake. Aliandika kuwa watu wa joto kali la kusini, kama Waslavi wa baridi kali ya kaskazini, wanakaribia wanyama kwa tabia na kwamba wepesi wetu wa kukubali utumwa unatokana na hilo. Hakuwahi kufika kusini ya Sahara. Kwa watu hao alikuwa mtoto wa gerezani anayemweleza kondoo kwa kumtazama panya.

Jambo la kushangaza ni kwamba mtu huyohuyo alipinga hadithi iliyosema Weusi ni weusi kwa laana ya Hamu mwana wa Nuhu. Alisema ni jua tu, na kwamba rangi hubadilika kwa vizazi mtu akihama. Zaidi ya hapo, aliwahoji wasafiri na wanazuoni, akaandika orodha ya wafalme wa Mali tangu Sundiata, akiwemo Mansa Musa aliyehiji mwaka 1324. Wanahistoria wa Mali hawawezi kufanya kazi bila orodha hiyo. Alipouliza alipata wafalme, na alipodhania alipata wanyama.

Misri, bahari na Timur

Mwaka 1378 alirudi Tunis kutafuta maktaba na kumalizia kitabu chake. Wivu wa wanazuoni wenzake ulimfuata, na mwaka 1382 akaaga kwamba anakwenda kuhiji, akapanda meli kuelekea Alexandria. Cairo ilimstaajabisha kwa ukubwa wake. Alifundisha al-Azhar, na mwaka 1384 Sultani Barquq akamteua kadhi mkuu wa madhehebu ya Maliki.

Sultani huyo alimwandikia mwenzake wa Tunis kumwombea familia yake iruhusiwe kumfuata. Ikaruhusiwa. Meli iliyowabeba ilizama karibu na Alexandria mwaka huohuo. Mke, watoto na mali vilipotea kwa pigo moja. Wakati huohuo alikuwa akipambana na mashahidi wa uongo na wakubwa waliozoea kuomba hukumu kwa kujuana, nao wakamwandama mpaka mwaka 1385 akaondolewa. Alikwenda kuhiji mwaka 1387, akarudi kufundisha. Kwa jumla aliteuliwa kadhi mara sita.

Mapema mwaka 1401 alikuwa Damascus wakati Timur, mshindi kutoka Asia ya Kati, alipouzingira mji huo. Sultani kijana wa Misri alikwisharudi Cairo kwa kuhofia mapinduzi. Ibn Khaldun, akiwa na miaka 68, aliteremshwa kwa kamba kutoka ukutani akaenda kambini. Kwa zaidi ya mwezi walizungumza mara kwa mara, mmoja akiwa amevunja mataifa na mwingine akiwa amesoma jinsi yanavyovunjika. Timur alimtaka amwandikie habari za Afrika Kaskazini, naye akaandika.

Alipata hati za usalama kwa ajili yake na wenzake, lakini mji haukupona. Askari wa Timur waliupora na moto ukauunguza msikiti mkuu. Mwanazuoni alipokuwa njiani kurudi alivamiwa na majambazi, akafika Cairo mikono mitupu. Kisha akamwandikia mtawala wa Moroko barua ya kumweleza Timur na watu wake.

Alifariki dunia Cairo tarehe 17 Machi, 1406, akiwa bado katika kiti cha ukadhi, akazikwa katika makaburi ya Masufi nje ya lango la Bab al-Nasr. Wanahistoria wa dola ya Uturuki walimsoma katika karne ya 17. Ufaransa ikamtafsiri katika miaka ya 1860, na mwaka 1981 Rais Ronald Reagan wa Marekani alimtaja alipotetea kupunguza kodi. Leo sanamu yake imesimama katikati ya Tunis. Mtu aliyekataa kurudishiwa mashamba ya Sevilla, na aliyeondoka Tunis akikimbia fitina, mji wake wa kuzaliwa umempa kiwanja ambacho hakuna wa kumnyang'anya.